Umejenga ndege, ukaipa injini ya RX-8: Utajuaje inakunywa mafuta kiasi gani?

Kama umewahi kuketi kwenye klabu yoyote ya Nakuru au Nyahururu Ijumaa usiku, unamjua John Denver hata kama jina lake hulijui. Ni yule Mmarekani wa wimbo wa barabara za kumrudisha nyumbani, ule ambao hata wasee wasioelewa maneno yote huuimba macho yamefungwa. Tarehe 12 Oktoba 1997, akiwa na umri wa miaka 53, alianguka na ndege baharini karibu na Pacific Grove, California. Ilikuwa Long-EZ, ndege ndogo iliyochorwa na mhandisi Burt Rutan lakini ikajengwa kwa mkono na mtu binafsi. Denver alikuwa ameinunua tu majuzi.

Kabla ya kupaa aliulizwa kama angetaka kuongezewa mafuta. Akasema hapana, anaruka kama saa moja hivi. Geji zilikuwa vioo viwili nyuma ya kiti, havina alama hata moja, na ili avione fundi alimpa kioo kidogo cha mkononi. Koki ya kubadilisha tangi nayo ilikuwa nyuma ya bega lake la kushoto. NTSB, bodi inayochunguza ajali za usafiri Marekani, ilihitimisha kwamba alipokuwa akijipinda kuifikia alikanyaga pedali ya kulia bila kukusudia, na ndege ikamponyoka. Miongoni mwa sababu ilizotaja ni zile geji zisizo na alama na uamuzi wa kutoongeza mafuta.

Sasa cheki hivi. Ndege ya Denver ilikuwa na injini ya kawaida kabisa, Lycoming ya silinda nne, ambayo kila mtu anajua inakunywa kiasi gani kwa sababu kuna vitabu vyake. Je, ingekuwaje kama wewe ndiwe umejenga ndege, halafu mbele ukaweka injini iliyotolewa kwenye gari la Mazda? Hakuna kitabu. Hakuna jedwali. Kuna wewe, tangi, na swali moja: mafuta haya yatanifikisha?

Usidhani natunga. Marekani kuna watu wengi wanaojenga ndege kwenye gereji ya nyumbani, kule ambako jirani ameegesha pikipiki na mashine ya kukata nyasi. Chama chao, EAA, kilianzishwa Wisconsin mwaka 1953, na kila Julai hukutana katika mji wa Oshkosh, anga yote ikajaa. Sheria inawaruhusu mradi mjenzi afanye mwenyewe zaidi ya nusu ya kazi. Na kwa sababu injini mpya ya ndege yenye cheti inagharimu makumi ya maelfu ya dola, baadhi yao huangalia kwingine. Injini inayowavutia sana ni ile ya rota iitwayo 13B, iliyokuwa kwenye Mazda RX-7 na baadaye RX-8.

RX-8 unaijua. Ni ile ndai yenye milango ya nyuma inayofunguka kinyume, ambayo kila mtaa una msee mmoja aliyeinunua kwa furaha na kuiuza kwa huzuni. Mwulize fundi yeyote wa Kirinyaga Road habari zake, ataguna kwanza kabla hajakujibu. Inakunywa. Hilo halina ubishi. Kwa nini basi mtu mwenye akili timamu aipandishe angani?

Kwa sababu ni tamu. Injini ya rota, iliyobuniwa na Mjerumani Felix Wankel na kuanza kuunguruma katika kampuni ya NSU mwaka 1957, haina pistoni zinazopanda na kushuka. Ndani yake kuna kipande cha chuma cha pembe tatu, pande zake zimetuna kidogo, kinachozunguka ndani ya chumba chenye umbo linalokaribia nane nene. 13B ina vipande viwili hivyo na shafti moja. Hakuna valvu, hakuna mikono ya pistoni, karibu hakuna mtetemo. Ni ndogo na nyepesi kwa nguvu inayotoa, na inapoanza kuharibika mara nyingi hupoteza nguvu polepole badala ya kusimama ghafla. Ukiwa futi 8,000 juu ya msitu, hiyo sifa ya mwisho ina thamani kuliko zote. (Usiichanganye na zile injini za ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia kama Gnome, ambazo pia huitwa za kuzunguka: zile ni silinda zenyewe zilizokuwa zikizunguka pamoja na propela. Ukoo mwingine kabisa.)

Tatizo ni umbo la chumba cha kuchomea. Ni chembamba na kirefu, kimezungukwa na kuta nyingi za chuma zinazopoozwa. Moto ukikaribia ukuta baridi huzima, kwa hivyo sehemu ya petroli hutoka haijaungua vizuri, na nyingine huungulia kwenye ekzosi. Ndiyo maana ekzosi ya rota huwa moto wa kuyeyusha roho. Mazda walipotengeneza injini ya RX-8 walihamisha matundu ya ekzosi hadi ubavuni ili kupunguza hasara hiyo. Ilisaidia, ila haikuponya.

Tuweke namba ili uone uzito wa jambo. Injini za ndege hupimwa kwa uzani wa mafuta zinayotumia kutoa nguvu ya farasi mmoja kwa saa moja. Lycoming iliyorekebishwa vizuri hutumia karibu gramu 195. Kwa rota, namba ambayo wajenzi wengi huanzia nayo ni kama gramu 227. Tuseme safari yako inahitaji nguvu za farasi 110. Lita moja ya petroli ina uzani wa takriban gramu 730. Piga hesabu: Lycoming itatumia kama lita 29 kwa saa, rota kama lita 34.

Lita tano tu, utasema. Hata boda yangu... Ngoja. Chukua ndege inayopendwa sana na wajenzi, RV-7 ya kampuni ya Van's, yenye matangi ya galoni 42 za Marekani, yaani lita 159. Kwa lita 29 una takriban saa tano na nusu hewani. Kwa lita 34 una saa nne na dakika 40. Tofauti inazidi dakika 45, na sheria ya Marekani inamtaka rubani anayeruka mchana kwa kuona macho awe na akiba ya dakika 30. Kwa maneno mengine, ukipanga safari kwa namba ya injini nyingine, unaweza kuwa umekula akiba yako yote hujui, na bado unatabasamu ukipiga picha mawingu.

Na mambo haya hutokea. NTSB ilihesabu kati ya 2011 na 2015 wastani wa ajali zaidi ya 50 kwa mwaka za ndege ndogo zilizotokana na usimamizi mbaya wa mafuta. Zaidi ya nusu ni watu waliyamaliza tu. Gari likiisha mafuta Thika Road unawasha taa za dharura, unatukanwa na matatu, unatafuta mtungi. Kule juu hakuna kando ya barabara.

Basi utapimaje?

Njia ya kwanza unaijua, hata kama hujawahi kuiita kipimo. Jaza tangi hadi alama fulani, ruka, rudi, jaza tena hadi alama ileile, soma pampu imetoa lita ngapi, gawanya kwa saa ulizoruka. Ni njia ya kizee na bado ndiyo hakimu wa mwisho, lakini ina masharti. Ndege iwe imesimama mahali palepale, imeangalia upande uleule, kwa sababu mteremko mdogo wa lami hubadilisha alama. Ikiwa ni ndege yenye gurudumu la mkiani, pua yake huangalia juu ikiwa chini, kwa hivyo kijiti cha kupimia kinachosema ukweli ardhini hakitasema ukweli huohuo ndege ikiwa imenyooka hewani. Wajenzi makini huweka mafuta lita kumi kumi kwenye tangi tupu na kuchora kijiti chao wenyewe, mstari baada ya mstari. Ni kazi ya siku nzima inayochosha, na hakuna anayekupigia makofi.

Halafu kuna suala la kosa dogo. Tuseme kila unapojaza unakosea lita moja. Ukiruka dakika 20 na kutumia lita kumi, lita hiyo moja ni asilimia kumi ya jibu lako, kwa hivyo jibu halina maana. Ukitumia lita 100 kwa safari kadhaa ukazijumlisha, lita hiyohiyo ni asilimia moja. Ndiyo maana msee anayekwambia "gari langu linaenda kilomita 18 kwa lita" baada ya kuweka mafuta ya mia tano, msikilize kwa heshima tu.

Shida ya kujaza tangi ni kwamba jibu linakuja baada ya kutua. Rubani anataka kujua sasa hivi, akiwa na mkono kwenye kidhibiti. Hapo ndipo inaingia sensa ya mtiririko: kidude kidogo chenye gurudumu ndani, mafuta yakipita gurudumu linazunguka, na kila mzunguko unatuma mapigo ya umeme kwa kompyuta. Baadhi hutoa mapigo kama 18,000 kwa kila lita. Kompyuta inahesabu, unaona lita kwa saa kwenye skrini. Safi kabisa.

Safi, mpaka ukumbuke kwamba 13B ni injini ya gari. Ina injekta, na mfumo wake wa mafuta mara nyingi ni wa kuzunguka: pampu inasukuma petroli nyingi kuliko injini inavyohitaji, injini inachukua yake, inayobaki inarudi kwenye tangi. Sensa moja ikiwekwa baada ya pampu itakwambia pampu inasukuma kiasi gani, si injini inakunywa kiasi gani. Kwa hivyo unaweka sensa mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, kisha unatoa.

Na hapa ndipo watu wazima hulia. Tuseme pampu inasukuma lita 120 kwa saa na 86 zinarudi. Injini imekunywa 34. Kila sensa ina kosa la asilimia mbili, ambalo kwenye karatasi linaonekana zuri. Lakini asilimia mbili ya 120 ni lita 2.4, na ya 86 ni lita 1.7. Zikikosea pande tofauti, jibu lako linaweza kuwa popote kati ya lita 30 na 38. Sensa mbili nzuri zimekupa jibu bovu. Zaidi ya hapo, mafuta yanayorudi yamepita karibu na injini moto, yamepashwa, na petroli ya gari hutoa viputo haraka, hasa ukiwa juu ambako shinikizo la hewa limepungua. Kiputo kikipita kwenye gurudumu, gurudumu linakimbia kama limechokozwa, na kompyuta inakihesabu kama mafuta.

Njia ya tatu ni ya watoto wa kompyuta, na mimi naipenda sana. 13B nyingi zina injekta nne: mbili zinafanya kazi wakati wote, mbili zinaingia nguvu ikihitajika. Kompyuta ya injini ndiyo inayoziamuru zifunguke kwa milisekunde ngapi. Ikiwa unajua injekta moja hutoa kiasi gani kwa dakika ikiwa wazi, na unajua imekuwa wazi kwa muda gani, basi unajua mafuta yaliyotumika, bila kukata paipu hata moja. Mtego ni kwamba injekta haifunguki papo hapo. Inachelewa kama milisekunde moja, na umeme wa betri ukishuka inachelewa zaidi. Usipoondoa muda huo kwenye hesabu, injini ikiwa taratibu utaonekana unatumia mafuta ambayo hayajatoka. Shinikizo la mafuta likibadilika, hesabu nayo inayumba.

Kwa hivyo wenye busara hawachagui njia moja. Wanaacha kompyuta ihesabu, kisha wanaipeleka kwa hakimu: pampu ya kujazia. Kompyuta ikisema umetumia lita 100 na pampu ikaingiza 108, unarekebisha namba ya mapigo kwa lita. Wengi huikosea hapa, wakaiongeza badala ya kuipunguza. Kumbuka: kompyuta ilihesabu lita chache mno kwa sababu ilidhani lita moja ina mapigo mengi kuliko ilivyo. Kwa hivyo 18,000 unazidisha kwa 100, unagawanya kwa 108, unapata karibu 16,667. Rudia kwa tangi tatu nne mpaka wawili hao waache kugombana.

Lakini hata hilo halitoshi, na hiki ndicho kitu kilichonishtua nilipoanza kusoma habari hizi. Injini inaweza kuwa imekunywa lita 34 sawasawa huku tangi limepoteza 50. Vipi? Ile paipu ya kurudisha. Ikiwa unavuta mafuta kutoka tangi la kushoto lakini yanayozidi yanarudi kulia, tangi la kulia linajaa, na likijaa linamwaga nje kupitia tundu lake la hewa. Sensa zote mbili zitasema ukweli mtupu kuhusu injini. Skrini itakuwa ya kijani kibichi. Na wewe unanyunyizia mawingu petroli. Ndiyo maana koki ya tangi inapaswa kuhamisha njia zote mbili kwa pamoja, ya kwenda na ya kurudi, na ndiyo maana geji ya tangi haifai kudharauliwa hata ukiwa na kompyuta ya bei gani.

Vipimo navyo vina visa vyake. Wamarekani wanahesabu galoni ya lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546, na injini inapimwa kwa ratili. Ukidhani kuchanganya hayo ni makosa ya wanafunzi, mkumbuke rubani wa Air Canada aliyekuwa na Boeing 767 tarehe 23 Julai 1983. Waliojaza walitumia ratili mahali pa kilo, ndege ikaondoka na chini ya nusu ya mafuta iliyohitaji, injini zote mbili zikazima hewani, na akaitelezesha kama kishada hadi uwanja wa zamani wa Gimli, Manitoba. Watu 69 walikuwemo na hakuna aliyefariki. Bahati kama hiyo haipatikani Jumia.

Sasa, kuna mabishano ya kudumu: je, rota ni mlevi kweli, au inasingiziwa? Wapenzi wake husema ukipunguza petroli kwenye mchanganyiko ukiwa umetulia angani, inavumilia vizuri kuliko pistoni, haigongi, na pengo na Lycoming linabaki dogo. Wapinzani hucheka. Ugumu ni kwamba hakuna anayejua kwa hakika injini yake inatoa nguvu ngapi ikiwa hewani. Anakisia kwa kasi ya mzunguko na shinikizo la hewa inayoingia. Hata kusoma kasi ya propela kunahitaji hesabu, maana injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, giaboksi yenye uwiano wa 2.85 inaishusha hadi 2,105. Ukikisia nguvu vibaya, gramu zako kwa farasi ni hadithi.

Njia safi ya kumaliza ubishi ni kusahau farasi. Chukua ndege mbili za aina moja, moja ya pistoni, moja ya rota, uzani unaokaribiana. Zipae pamoja, ziruke ubavu kwa ubavu, mwinuko mmoja, kasi moja, kwa saa mbili. Kwa kuwa mabawa ni yaleyale, nguvu inayohitajika kuzisukuma inakaribia kuwa sawa. Zitue, zijazwe kwenye pampu moja. Pampu ndiyo itakayosema.

Sheria yenyewe inampa mjenzi muda wa kufanya kazi hii. Ndege mpya ya kujijengea yenye injini isiyo na cheti kwa kawaida hufungiwa kwenye eneo moja kwa saa 40 za majaribio, abiria haruhusiwi. Yenye injini na propela zilizoidhinishwa pamoja hupata 25. Mvivu huzungukazunguka tu ili saa ziishe. Mwenye akili hupanga: leo nguvu ya chini, kesho ya kati, keshokutwa mwinuko mwingine, kila mara anaandika saa, kasi, joto, lita za skrini na lita za pampu. Hata ile oili anayochanganya na petroli kulainisha rota, kama ile ya pawasoo, anaiandika. Saa 40 zikiisha ana jedwali lake mwenyewe, la injini yake pekee duniani, na kwenye kila mstari anachukua namba mbaya zaidi, si ile ya wastani, ndiyo anayopangia safari.

Kama una gari, jaribu mwezi huu. Jaza hadi pampu ikate yenyewe, kituo kilekile, pampu ileile. Andika kilomita. Tumia kama kawaida hadi robo, jaza tena hivyohivyo, rudia mara tatu, jumlisha lita za kujaza zote isipokuwa ile ya kwanza, kisha gawanya kilomita zote kwa lita hizo. Linganisha na namba ambayo dashibodi imekuwa ikikuonyesha.